Betri ya Uzio

Todosia alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Rujana, na huyo mmoja ndiye aliyemweka mlimani. Maziwa yake ndiyo yaliyotoa jibini, na jibini ndiyo iliyoleta unga wa mahindi na viatu vya baridi. Bila Rujana ingebidi arudi Italia, mjini Torino, kwa binti yake Lavinia, alale sebuleni na kuwaogesha wazee wa watu, kazi aliyoifanya miaka kumi na moja mpaka akaikimbia.

Nguzo ya mwisho ya umeme ilikuwa bondeni, mwendo wa saa mbili. Yeye alikuwa na kipande cha sola na betri moja, na betri hiyo ilikuwa na kazi moja: kutia umeme kwenye waya uliomzuia Rujana asiingie kwenye klova changa, majani laini ya malisho. Kule juu hata mtoto anajua kwamba klova yenye umande humfurisha ng'ombe tumbo mpaka akate roho.

Lakini mawingu yalikaa siku tatu, betri ikadhoofika, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Jioni Lavinia alipiga simu akilia, mumewe kamwacha. Simu ilipokaribia kuzima, Todosia akaichomeka kwenye betri, wakaongea mpaka binti akatulia. Akasahau uzio. Hakusahau, tuseme ukweli: aliiona taa yake imezima, akajiambia kesho jua litatoka.

Likatoka kweli. Likamkuta Rujana katikati ya klova, kalala ubavu, tumbo limejaa kama kiriba.

Kwa mayowe ya Todosia, jirani yake Vichente alishuka mbio na kisu. Akapapasa ubavu wa kushoto, akapima kiganja kimoja kutoka kwenye nyonga, akachoma. Likatoka povu kidogo tu, kisha tundu likaziba.

"Ingekuwa hewa tupu, ingetoka," alisema Vichente. "Povu halitoki, dada. Amekula muda mrefu huyu. Kwani uzio wako vipi?"

Todosia alikuwa akimfuta Rujana povu ubavuni.

"Nakuuliza, uzio?"

"Nilichaji simu."

Vichente alikuwa na mdomo mchafu kuliko wote mlimani, lakini safari hii hakutukana. "Nimchinje angali na pumzi, au tungoje afe tukose hata nyama?"

"Chinja."

"Haya, shika kichwa. Wewe ndiye anayekujua."

Alikishika. Jicho la Rujana lilimtazama vilevile kama wakati wa kukamuliwa, na hilo lilimchoma Todosia kuliko matusi yote ambayo Vichente angeweza kumpa.

Kufikia mchana nyama ilikuwa imetundikwa. Marundo manne ya nyasi kavu, aliyoyafyeka peke yake kiangazi kizima, yalisimama bila mlaji. Simu ikalia.

"Mama, nisamehe kwa jana. Naongea haraka haraka, nisikumalizie chaji."

Todosia aliketi chini, kando ya betri.

"Ongea tu, mwanangu," alisema. "Ongea utakavyo. Betri haina kazi nyingine sasa."