Mheshimiwa Agomea Mtaro

Shiundu alimwita punda wake Mheshimiwa kwa sababu anakula vya watu, na akifika penye shida ya watu hasogei. Siku alipompa hilo jina, mkewe Nerima alicheka mpaka akatua ndoo. Sasa Nerima alikuwa na mwaka wa pili chini ya udongo wa Mumias, na jina halikuchekesha tena, maana Mheshimiwa alikuwa amegoma kweli.

Aligomea mtaro. Mtaro huo wa mtaa wa Huruma wakubwa waliuchimba wakati wa kuomba kura. Mabomba yakaletwa, yakapigwa picha, halafu yakaondoka pamoja na waliopiga picha. Wapangaji wakajiwekea slabu mbili za zege, moja mbele ya nyingine, wapate kuvuka. Ng'ambo ndiko waliko wateja wa Shiundu, magorofa ambayo maji hayapandi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea mitungi. Punda asipovuka, kazi inabaki ya kuokoteza upande huu. Na mtu wa ngozi, anayenunua punda wa kuchinja, alikwisha kusema Jumamosi atapita na lori amchukue.

Ndiyo maana aliposikia kuna mafunzo ya punda ya siku tano kwenye kiwanja kimoja huko Ziwani, kila mtu na punda wake, bure, alikwenda. Si kwa imani. Cha bure kinacholetwa na watu waliovaa fulana za aina moja, alijua mwisho wake ni picha.

Mwalimu alikuwa mama wa Kitui, jina lake Nthoki, mfupi, gambuti mpaka magotini.

"Viboko vyote viachwe getini," alisema.

"Mama, punda haendi bila kigongo," akasema Opicho, mbeba mchanga, mtu wa mdomo.

"Aliyesema hivyo alikuwa punda?"

Watu wakaangua kicheko. Shiundu alikitundika kiboko chake, ukanda wa tairi aliokatiwa sokoni Kariokor, kama mtu anayevua viatu mlangoni na hana hakika atavikuta.

Kazi yenyewe ilionekana ya kitoto. Unavuta kamba kidogo tu. Mnyama akikuelekezea hata sikio, unalegeza papo hapo. Huko kulegeza ndiyo asante yake. Kufikia Jumanne punda wa Opicho alikuwa anamfuata kiwanjani kote. Mheshimiwa aliletwa mbele ya ubao uliolazwa juu ya shimo dogo, akakita miguu ardhini kama mwenye hati ya shamba. Shiundu akambembeleza kwa ulimi, "Nts, nts, nts." Punda akazidi kukauka.

"Mheshimiwa anaomba muda wa mashauriano!" Opicho akapaza sauti.

Jumatano Nthoki alisimama kando akamtazama Shiundu kwa muda mrefu.

"Baba Triza, huo ulimi unaupiga wakati gani ukiwa kazini?"

"Kabla ya kiboko. Mnyama haonywi?"

Neno lilipomtoka, ndipo akalisikia mwenyewe. Watu wote wa mikokoteni Huruma hufanya hivyo: ulimi, halafu tairi. Siku tatu nzima alikuwa akimbembeleza punda kwa kumwambia anapigwa sasa hivi.

"Kuna mtu aliyewahi kumfuata bila kuvutwa?"

"Marehemu mke wangu, Mama Triza."

"Alikuwa anamwitaje?"

Shiundu alifikiri. "Hakuwa anamwita. Alikuwa anampa mgongo anaenda zake, anaongea peke yake bei ya omena. Ukiangalia, punda yuko nyuma."

Alhamisi, wakati wa chai, akamweleza yaliyobaki bila kuulizwa. Asubuhi ya mwisho wake Nerima alishikwa na kifua. Gari la wagonjwa likafika mtaroni likakwama upande wa pili. Akamlaza mkewe kwenye mkokoteni. Mheshimiwa akasita kwenye slabu, basi Shiundu akampiga mpaka damu ikatoka, akavuka. Huko hospitali madaktari walikuwa kwenye mgomo. Nerima alikata roho kwenye benchi.

"Nilimpiga kipigo kilichowastahili wakubwa," alisema. "Wenyewe sikuwa na njia ya kuwafikia."

Nthoki alimwongezea chai.

Siku ya tano, utaratibu wa mafunzo ulikuwa kila mtu ampeleke mnyama wake pale pale anapogomea. Wakaenda Huruma, Nthoki nyuma yao. Jacklyne, muuza mandazi wa pale mtaroni, aliwaona kwa mbali.

"Baba Triza! Huyo si ni wa lori kesho? Unamchosha wa nini?"

Shiundu alisimama mbele ya slabu akimtazama punda, punda akimtazama. Kamba ilikuwa imekaza, na aliyeikaza ni yeye. Ulimi ukamjia mdomoni, akauuma. Hapo akakumbuka jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: tangu asubuhi ile, yeye mwenyewe hajaikanyaga slabu hiyo. Akiwa na shughuli ng'ambo huzunguka mpaka kivuko cha sokoni, kisichopitisha mkokoteni, nusu saa nzima, na lawama zote anamtwika punda.

Akaigeuzia slabu uso, akampa punda mgongo. Akaiachia kamba ikaning'inia. Akakanyaga. Zege lilikuwa zege tu, na chini maji meusi na chupa. Akaanza kuongea kwa sauti ya chini, bei ya omena kwanza, jinsi ilivyopanda. Kutoka hapo akawapitia wakubwa mmoja mmoja, kwa majina na vyeo, na hakuna aliyemsamehe. Watu wakakusanyika. Alifika slabu ya pili, akasimama, akasubiri. Jua likampiga utosini. Hakugeuka, kwa sababu Nerima hakuwa akigeuka.

Kwato ikagonga zege. Kimya. Ikagonga nyingine. Halafu pumzi ya moto ikamfika shingoni.

"Haki ya Mungu!" Jacklyne alipiga kelele. "Mheshimiwa wa kwanza kuukanyaga huu mtaro!"

Kicheko kikaenea mpaka kwenye roshani za magorofa. Shiundu naye kilimponyoka kimoja, kikavu, cha kwanza kwa muda mrefu.

"Jacky," alisema bila kugeuka, "mtu wa lori akija, mwambie asisumbuke."

Akaendelea mbele, kamba ikiwa imelegea. Nyuma yao mtaro ulikuwa wazi vile vile.