Kurasa Zilizogandana

Hafsa hakuwa mwepesi wa hasira, lakini kinyaa alizaliwa nacho. Tangu udogoni hakuweza kula sinia moja na mtu anayelamba vidole, na kikombe chenye alama ya mdomo wa mwenzake kilimtoa njaa mpaka kesho yake. Duka lake la madaftari na kalamu pale Mabawa, mjini Tanga, lilinukia sabuni kuliko karatasi. Watoto wa shule walijua: ukishika bidhaa kwa mkono wenye mafuta ya mihogo, dada Hafsa hakugombezi, anakutazama tu, nawe unaurudisha mkono mwenyewe.

Nyuma ya kaunta alikuwa na rafu ya vitabu visivyouzwa. Vilikuwa vya kuazimana. Alipata riwaya moja hapa, diwani moja pale, akaisoma kwanza yeye, kisha akaivalisha nailoni kama mtoto wa siku ya kwanza ya shule, ndipo akaipitisha kwa wenzake. Sharti lilikuwa moja. Ukirudisha kitabu, ukae kwenye kile kigoda cha mlangoni, useme kwa mdomo wako kilichokugusa, na kama anayekufuata akisome au akiache. Kitabu kilifuata maneno ya mtu.

Siku mzee Zabron alipoirudisha riwaya moja inayomhusu mama wa Mkwaja anayemngoja mwanawe, Hafsa alisahau sharti lake mwenyewe.

Zabron alikuwa mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, Mbondei mwenye tumbo la mbele na sauti ya kuita gari lililokwisha kuondoka. Alisomea palepale sokoni, juu ya matenga, mkono mmoja una kitabu na mwingine una chochote kinacholiwa. Siku hiyo alikichomoa kitabu katikati ya machungwa, akakipangusa kwenye suruali, akakiweka juu ya kaunta.

"Shikamoo, mzee Zabron," alisema Hafsa, macho yake yakiwa hayako kwa Zabron.

"Marahaba, mama. Haya, mtoto wako karudi mzima."

Mzima! Nailoni ilikuwa na ukungu wa mafuta. Kwenye jalada lilinata gamba la samaki, linameta kama kipuli. Ubavuni, karibu na katikati, karatasi zilivimba zikawa za kahawia, na harufu iliyotoka pale ilikuwa ya chungwa lililolala, tamu na chachu kwa pamoja. Sisimizi mmoja alikuwa amefia njiani.

"Mzee, ulikisoma au ulikikaanga?"

Zabron alicheka mpaka tumbo likagonga kaunta. "Vyote viwili! Kitabu kitamu hakimngoji mtu anawe. Sasa sikiliza, yule mama wa Mkwaja, yule mama..."

"Utanisimulia siku nyingine," alisema Hafsa. Mate yalimjaa mdomoni, na si ya hamu. Alikishika kitabu kwa ncha za vidole, akakivua nailoni, akakipangusa jalada kwa kitambaa chenye dettol, akakivika nailoni mpya. Pale katikati hakupafungua. Moyo ulikataa. Akaamua kimoyomoyo kwamba Zabron hatapewa kitabu kingine tena.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Nasri.

Nasri ndiye aliyekuwa na ukurasa wa mtandaoni uitwao Kionjo, ule unaofuatwa na watu kuanzia Tanga mpaka wasikojua Tanga iko wapi. Kila siku alipendekeza kitu: riwaya, wimbo mpya, mtindo wa leso, picha zinazochorwa kwa kompyuta. Watu walimwamini, Hafsa akiwa wa kwanza. Alimpenda kwa maneno kabla hajamwona kwa macho. Mtu anayeweza kusema vile juu ya wimbo, alijiambia, lazima ana masikio ndani ya moyo. Na alipomwona, alikuwa msafi. Kanzu yake haikuwa na mkunjo, kucha zake zilikatwa, na alipoondoka dukani udi ulibaki ukiangalia mlango. Alimpelekea Hafsa picha aliyosema ameichora wiki nzima kwenye kompyuta: Hafsa amejitanda leso, bahari nyuma yake. Maandishi ya leso hayakusomeka, lakini Hafsa alidhani huo ndio ufundi wenyewe.

Sasa watu wa Nasri walikuwa waje Ijumaa kuchukua jibu la posa.

"Utanisamehe," Hafsa alimwambia alipompa kitabu. "Kabla yako kilikuwa kwa mzee mmoja hana adabu ya vitabu. Katikati pamechafuka."

Nasri alikipokea kwa leso ya mfukoni, akatabasamu. "Mimi nitakiondolea huzuni hiyo."

Alikirudisha kikiwa safi kama alivyokipokea, na hakukaa kwenye kigoda, kwa kuwa maneno yake yalikuwa yamekwisha tangulia kwenye Kionjo. Hafsa aliyasoma jioni na shangazi yake, Bi Mastura, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"'Mama huyu wa Mkwaja ni taa ya pwani yetu,'" alisoma Hafsa. "'Mashamba ya chumvi yamemla macho, lakini hakuacha kumngoja mwanawe. Nilipofika katikati ya kitabu nililia. Nikakifunga, nikampigia mama yangu simu.'"

Bi Mastura alijifuta jicho kwa upindo wa leso. "Kijana msafi kama pamba," alisema. "Na analia! Mwanamume wa kulia kwa kitabu, mwanangu, mtie kabatini ufunge na ufunguo."

Hafsa alicheka. Lakini kuna kitu kilimkwaruza kidogo, kama punje ya mchanga kwenye wali. Taa ya pwani? Akajiambia kila mtu ana namna yake ya kusoma, akaacha.

Alhamisi Zabron alitokea tena, na kapu la machungwa la kuombea msamaha.

"Nimesikia umenifungia," alisema.

"Nani kasema?"

"Sura yako ya siku ile. Haya, kula faini yangu." Aliliweka kapu chini, akaketi kwenye kigoda bila kualikwa, kigoda kikalia. "Lakini kwanza niulize, maana usingizi wangu umeharibika. Kile kitabu viko viwili?"

"Kimoja tu."

"Basi mchumba wako kasoma kipi? Binti yangu kanionyesha yale maneno. Taa! Yule mama taa? Yule si ndiye aliyemsingizia mwanawe wizi, mbele ya watu, na anajua hakuiba? Si ndiye aliyemtemea mate akamwambia asirudi? Mimi nilipofika pale nilikuwa namenya chungwa. Nilishika kichwa kwa mikono yote miwili, mama. Chungwa likaanguka kitabuni, likapasuka, nami nikaendelea kusoma limelala palepale. Nimekuharibia, najua. Lakini mtu atapitaje pale aseme taa?"

Hafsa alimkumbuka yule mama na lile tukio, alilolisoma akiwa amesimama, chai ikimpoa mkononi. Baada ya pale, kule kungoja kote kwa yule mama si mapenzi tena. Ni woga. Anaogopa mwanawe asije akarudi akasema. Hicho ndicho kitabu chenyewe. Ukipaondoa pale inabaki hadithi ya mwanamke na chumvi.

Zabron alipoondoka, alikishusha kitabu rafuni. Alivaa zile glavu za plastiki za kuoshea choo, akakifungua.

Karatasi za katikati zilikuwa zimegandana zikawa kipande kimoja, kama mkate wa jana. Alijaribu kwa ukucha. Hazikuachana. Hakutaka kuhukumu upesi. Maji ya chungwa ni gundi, pengine zilifunguliwa zikashikana upya. Akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Juu ya ule mshono wa kahawia alilala yuleyule sisimizi, miguu yake huku na huku, kichwa ukurasa mmoja na kiwiliwili mwingine. Hakuna mkono ambao ungepita pale bila kumkata vipande viwili.

Hata hivyo akamwita Nasri. Alitaka amsikie mwenyewe.

Nasri alikuja na udi wake. Hafsa alikiweka kitabu kwenye kaunta, kimefunguka pale.

"Ulipitaje hapa?"

Nasri alitazama, akakunja pua. "Astaghafirullahi. Lile zee kweli ni nguruwe."

"Nimekuuliza ulipitaje."

Nasri alicheka, kicheko cha mtu aliyekutwa na kosa dogo la watoto. "Hafsa. Na wewe! Nilipiga picha jalada la nyuma, simu ikanipa muhtasari. Na mambo mengine ikanimalizia. Siku hizi ndivyo kazi inavyokwenda. Unadhani mtu mmoja anaweza kusoma, kusikiliza na kutazama vyote vile kila siku?"

"Na kulia?"

"Kulia nini?"

"Ulisema ulilia. Ulisema ulimpigia mama yako simu."

"Ah! Hayo ni maneno ya kazi. Watu wanayapenda. Mbona hata wewe uliyapenda?"

Ni kweli aliyapenda. Hapo ndipo kinyaa kilipompanda, polepole, kama siku ile ya gamba la samaki, ila hapa hapakuwa na cha kupangusa. Alikumbuka wimbo wa taarabu, wa udi na fidla, ambao Nasri alimtumia usiku mmoja, akisema ameusikiliza mpaka mwisho akaona sura ya Hafsa.

"Wimbo ule ulionitumia," alisema. "Unaishaje?"

"Wimbo gani?"

"Ule ulioiona sura yangu ndani yake."

Nasri alitazama mlangoni. "Unaisha... vizuri. Kwa sauti za chini."

Wimbo ule uliisha kwa vicheko vya wanawake. Hafsa alikuwa ameurudia mara nyingi kwa ajili ya vile vicheko, akijiambia kwamba hapo ndipo mwenzake alipomwona.

"Na picha? Uliichora?"

"Niliiagiza. Kuagiza nako ni ufundi." Alisogeza mkono kwenye kaunta, ukiwa safi, una kucha nzuri. "Hafsa, kesho watu wetu wanakuja. Usituvunjie heshima kwa ajili ya uchafu wa machungwa."

Aliutazama ule mkono, akahisi kinyaa kilekile anachokisikia yeye mtoto mwenye mafuta ya mihogo mkononi anaposhika daftari. Akamtazama tu. Naye, kama wale watoto, akaurudisha mwenyewe.

Usiku alimweleza shangazi. Bi Mastura alisikiliza hadi mwisho, kisha akapiga makofi ya mshangao. "Sasa mwanamume aachwe kwa kitabu? Kwani kakuibia? Kakupiga?"

"Nasikia kinyaa, shangazi."

"Kinyaa cha nini, mtu ananukia vile?"

"Kila neno tamu nililo nalo, kanipa yeye. Nikiligusa sasa, linanata. Sijui lipi lake, lipi la simu. Nitakaaje na mtu nikimwuliza kama chakula kina chumvi, nami sijui kama kaonja?"

Bi Mastura alikuwa mjane wa mtu aliyempikia miaka mingi bila kusikia sifa hata moja, na siku moja tu yule mtu alisema, "Leo umekosea," na alikuwa amekosea kweli. Akaguna. Hakusema ndiyo.

Ijumaa wageni walikuja, wakakaribishwa, wakanywa kahawa na halua. Bi Mastura aliwajibu kwa upole wa Kitanga, kwa kuzunguka sana, lakini mwisho wa mzunguko lilikuwa neno hapana. Mmoja wao aliuliza kijana ana doa gani. Bi Mastura akamtazama Hafsa, akasema wao hawakuliona doa lolote, na wageni wasidhani kuwa walilitafuta.

Walipoondoka, Hafsa aliinjika birika. Alikishika kitabu juu ya mvuke, uso kaugeuza pembeni, akazibandua karatasi moja moja kwa kisu cha siagi. Harufu ilimchafua roho, mara mbili akatoka nje kuvuta pumzi. Pale mama anapomtemea mwanawe mate, karibu na ukingo, palikuwa na alama ya kidole gumba cha Zabron, kimekandamizwa kwa nguvu, kama mtu aliyeshikilia asianguke.

Jumanne Zabron alipita na matenga yake. Hafsa alimwekea kitabu kipya juu ya kaunta, na kando yake beseni la maji na sabuni.

"Kwanza nawa," alisema.

Zabron alinawa mpaka viwiko, akayapiga maji kwa fujo yakamrukia Hafsa begani. Kisha akajipangusa kwenye suruali ileile, akanyoosha mkono.

Hafsa alifumba macho, akampa.