Mrushaji Aliyetolewa Raundi ya Nane

Jumatatu mchana, siku moja baada ya timu ya besiboli ya Gavilanes kufungwa kwenye nusu fainali, ukumbi wa klabu ulifurika mpaka watu wakakalia meza za domino. Hakuna aliyekuja kuwapa wachezaji pole. Walikuja kumtafuna kocha.

Mzee Anselmo Frías, aliyeifundisha timu hiyo miaka kumi na tisa, alikaa mbele peke yake. Jana yake, raundi ya nane, Gavilanes wakiongoza mbili kwa sifuri, alimtoa mrushaji wake Wilfrán, kijana ambaye siku nzima wapigaji walikuwa wakikata hewa tu mbele yake. Aliyeingia badala yake akarusha mpira laini, mpigaji wa wapinzani, Los Ceibos, akautandika ukavuka ukuta, na yeye na wenzake wawili waliokuwa vituoni wakazunguka vituo vyote wakicheka. Tatu kwa mbili. Msimu ukaishia hapo.

"Los Ceibos walikuahidi nini, mzee?" aliuliza muuza samaki mmoja.

"Muacheni, macho yamekwisha! Aliusoma ubao vibaya, akadhani ni raundi ya tisa, ya mwisho!" mwingine akadakia.

Kicheko kikapasuka, kicheko kibaya.

Eliseo Montás, mdakaji wa timu, alisimama dirishani akitokwa jasho. Alikuwa na miaka thelathini na sita na magoti ya mtu wa sitini. Katika ukumbi ule wote, ni yeye, kocha na Wilfrán tu waliojua kilichotokea. Tangu raundi ya saba mipira ya Wilfrán ilikuwa ikimfikia imechoka. Alipomwendea kumuuliza, kijana alimjibu huku ameuma meno, "Kiwiko kinawaka moto, shemeji. Lakini ukifungua mdomo, mimi na wewe basi." Eliseo alikuwa amemwoa dada yake, Yanelis. Na jukwaani walikuwepo wasaka vipaji kutoka Marekani.

Eliseo alifungua mdomo. Alimnong'oneza kocha, na mzee akasema, "Nitamtoa. Wakiuliza, ni uamuzi wangu; wewe kaa kimya. Hao wageni wasije wakamwona ni bidhaa mbovu." Na mpaka saa hiyo, akitukanwa, mzee alikuwa hajatamka neno.

Doña Fiordaliza, mwenyekiti wa klabu na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aligonga meza. "Anselmo, kwako tumemaliza. Mwakani timu ni ya Eliseo."

Watu wakapiga makofi. Eliseo alihisi makofi yale kama vibao.

Hapo Wilfrán akainuka, mkono wa kulia mfukoni. "Mzee huyu ana wivu, basi! Yeye hakuwahi kuitwa Marekani na mtu yeyote. Keshokutwa wageni wanarudi kuniangalia. Nitarusha mipira mia moja mbele yao, na wewe, mzee, uje ujifunze."

Mipira mia moja. Eliseo alikuwa amewahi kuona kiwiko cha mrushaji kilichokatika kano; mrushaji huyo sasa anauza maji ya madafu, na ndoo anabeba kwa mkono wa kushoto.

"Hatarusha hata mmoja," alisema. "Kiwiko chake ni kibovu. Mimi ndiye niliyemwambia kocha amtoe."

Ukumbi ukalipuka.

"Msaliti!"

"Umemchoma shemeji yako ili upate ukocha!"

"Mwongo mkubwa!" Wilfrán alifoka. "Hata kudaka siku hizi huwezi!"

"Basi nyoosha mkono tuuone," alisema Doña Fiordaliza.

Wilfrán alimkodolea macho. Kisha, kwa ukaidi, akautoa mkono mfukoni na kuuinua. Uliishia nusu, umepinda. Alijaribu kuunyoosha kwa nguvu, midomo ikawa myeupe, akaushusha. Alipopita karibu na Eliseo akielekea nje, alitema mate chini. "Usikanyage kwa mama yangu."

Mzee Anselmo naye hakushukuru. "Nilikuomba neno moja tu, ukae kimya," alisema. "Sasa umemmaliza."

"Angejimaliza, mzee."

"Hilo halikuwa lako kusema hadharani."

Wageni walisikia na hawakurudi. Daktari alimkataza Wilfrán kugusa mpira mwaka mzima. Nyumbani, Yanelis alimwekea Eliseo ndizi zake za kuponda mezani na kwenda kula kwa jirani.

Eliseo aliuchukua ukocha, kwa sharti kwamba mzee awepo benchi. Doña Fiordaliza alikubali akisonya. Mzee alikataa mara mbili; mara ya tatu alikuja bila salamu. Wachezaji wanne walikuwa wamehamia Los Ceibos. Mazoezi ya kwanza ya msimu mpya walifika kumi na mmoja, na watu waliegemea uzio wakizomea kila mpira uliodondoka.

"Mrushaji hatuna," alisema mzee, macho uwanjani.

"Yule mrefu je?"

"Yule? Anarusha kama anafukuza kuku." Akatema ganda la karanga. "Mwaka huu hatutoki hata hatua ya makundi. Mwakani, labda. Kama hao wa kwenye uzio hawajatuua."

"Na Wilfrán?"

"Muulize mwenyewe. Anakupa salamu siku hizi?"

"Hanipi."

"Basi wafundishe hawa," alisema mzee, akainuka kwenda kumkemea yule mrefu.