Uso wa Mama Luo

Siku Mama Luo aliponirudishia bata bukini niliyempeleka nikimposa bintiye, Luo, alinisema mlangoni, majirani wote wakisikia: "Mtu asiyeangalia wenzake usoni atamwangaliaje mke? Nenda kalale na tope lako!"

Nikarudi karakanani nimefura. Nilikuwa nachonga muhuri wa udongo wa kupambia kengele za bwana mkubwa, uso wa joka. Hasira ikauongoza mkono: macho ya kutokeza, mashavu manene, unyusi wa kushoto uliopanda kuliko mwenzake. Nikauchoma muhuri tanuruni, nikaugandamiza kwenye kalibu zote, moyo ukatulia. Kengele kumi na mbili, kila moja nyuso nne.

Shaba ilipokwisha kumiminwa, Luo akaniletea habari. Mama yake amelegeza msimamo, atakuja siku ya ibada ya kuzipaka kengele mpya damu, aione kazi yangu, kisha atoe jibu la mwisho. Nilitamani ardhi inimeze: angejiona kwenye kila kengele.

"Mzee Qu, leo niachie mimi nipake," nilimwomba fundi mkuu.

"Tangu lini wewe ukapenda ibada?"

Nikapaka damu ya kondoo bila choyo, niufunike kabisa ule uso wake. Mpumbavu mimi! Damu iliteleza juu ya shaba, ikatuama kwenye mifereji ya nakshi. Mama Luo arobaini na wanane wakanitumbulia macho, wekundu.

Mama Luo mwenyewe akaingia na bintiye. Akasimama mbele ya kengele kubwa, unyusi wa kushoto ukapanda. Mzee Qu alimtazama yeye, akaitazama kengele, akageukia ukutani huku mabega yakimtikisika.

"Huyu nani?" akauliza Mama Luo.

"Joka, mama."

"Joka la nyumba ipi?"

Luo alikuwa anang'ata mkono wa nguo yake. Nikaona nikidanganya nitaharibu zaidi. "La kwenu, mama. Nilikuwa na hasira. Nisamehe."

Mama Luo akaugusa unyusi wake, kisha ule wa shaba.

"Marehemu mume wangu tuliishi naye miaka ishirini," akasema, "huu unyusi hakuwahi kuuona."

Kisha akacheka, akacheka mpaka akaishikilia kengele.

"Nilisema huangalii watu. Nilikosea. Kesho mlete yule bata."

"Nilimla, mama. Kwa uchungu."

"Basi tafuta mwingine, mwanangu. Na awe mnono."