Sakafu Anayoisugua Déo

Mama nisiyemjua alisukuma mlango wa ukumbi saa nne kasoro dakika kumi, kabla sijamaliza kupanga viti. Alivaa kitenge cha kijani na kukumbatia mfuko wenye nguo za kulalia.

"Ni wewe binti wa Kenya mwenye miwani ya kuonyesha majumba?"

"Ndiye mimi, Mama. Naitwa Chepngetich. Lakini tunaanza saa tano."

"Saa tano niko hospitali, wananipasua jicho. Lile lingine lilishakufa." Akatoa tangazo nililobandika kanisani kwao, lenye picha ya kasri. "Mimi Mama Déo, wa Bukavu. Kijana yangu anasugua sakafu humu, kule Ulaya. Miaka kumi na moja sijamwona. Acha nione kazi yake mbele ya kisu."

Nami nilikuwa na hofu yangu. Tangu nimalize chuo, ambako nilisomea historia ya majengo, nimekuwa nikiwatembeza wazee wa Liverpool, hii ya kusini mwa dunia na si ile ya Ulaya, bila malipo, katika makasri kwa miwani ya kuazima maktaba, ambayo humfanya aliyeivaa ajione yumo ndani. Asubuhi hiyo jumba moja la makumbusho lingenipigia saa nne kamili kunihoji kwa kazi niliyoitamani mwaka mzima. Waliandika wazi: nisipopokea, wanampigia anayefuata.

Simu ilikuwa dirishani, inachajiwa. Nikahesabu dakika. Zingetosha.

"Shika mkono yangu," alisema nilipomvisha miwani. "Usiniachie mpaka nifike kwa Déo. Aliniambia ni chumba cha mwisho, kwenye nyota ya mbao nyeusi sakafuni."

"Sikuachii, Mama. Naahidi."

Akainama kwanza, akavua viatu.

"Mama, ni picha tu."

"Mtoto amesugua, mimi nikanyage na viatu? Utasema nilimulea vibaya."

Tulipanda ngazi za marumaru, mimi nikifuata kwenye skrini ndogo mezani. Dari lilijaa mawingu na malaika wanene. Milango ya dhahabu ilifunguka mmoja nyuma ya mwingine, kama koo lisilo na mwisho.

"Yesu wangu," alinong'ona. "Hawa watu waliogopa nini mpaka wajenge hivi?"

Nilicheka. Kisha tukaingia ukumbi wa vioo, na mkono wake ukawa wa baridi ghafla.

"Binti. Mimi siko."

"Vipi, Mama?"

"Vioo vyote hivi! Taa ziko, madirisha yako, mimi siko!" Sauti yake ilipanda. "Wameshanipasua? Nimekufa?"

Nilikuwa nimepita ukumbi ule mara ishirini nikisifu taa zake, na sikuwahi kujitafuta kwenye vioo.

"Uko hapa, Mama. Picha ilipigwa wakati hakuna mtu humo, basi. Nikutoe?"

"Hapana! Nikitoka sitarudi tena. Ongea. Shika."

Simu ikaita.

Dirisha lilikuwa hatua sita kutoka pale, na katikati viti vilisimama ovyo. Kumvuta ni kumwangusha.

"Nani huyo?"

"Ni watu wa kazi, Mama. Kazi ninayoitafuta."

"Basi enda," alisema, lakini kucha zake zilikuwa zimezama kiganjani mwangu, na mwili wote ulimtetemeka.

Nilifikiria kodi ya nyumba ninayopanga kule Doonside. Nilimfikiria mama yangu, aliyeshawatangazia majirani kwamba nimepata kazi. Simu ilizidi kuita.

"Twende kwa Déo," nilisema. "Mlango uko mbele yako. Usiangalie vioo, angalia chini."

"Chini."

"Hatua nyingine. Nyingine."

Simu ilinyamaza, ikaita tena. Chumba cha mwisho kikafunguka: kidogo, kitanda cha mfalme nyuma ya kamba, na sakafuni nyota nyeusi iking'aa kama imemwagiwa maji.

Mama Déo alipiga magoti bila kuniachia, nami nikashuka naye. Mkono wake mwingine ulipapasa zulia kuukuu la ukumbi wetu, polepole, akizunguka ncha za nyota moja baada ya nyingine.

"Ameisugua vizuri," alisema. "Hata kwenye pembe."

Simu ilinyamaza. Safari hii haikuita tena. Tulikaa vilevile, magoti yakiniuma, mpaka kutetemeka kwake kulipoisha.

"Sasa," alisema, "unaweza kuachia."