Meno Arobaini Mwambani

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla wagonjwa hawajafunguliwa mlango, Profesa aliwapanga wanafunzi wa udaktari wa meno mbele ya ubao wenye matundu, akabonyeza saa yake. Kazi ilikuwa kuchomeka vijiti ishirini na tano kwa mkono mmoja, upesi, bila kuangusha hata kimoja. Waliokwea mwamba Jumamosi walipimwa upande huu, wasiokwea upande ule, maana Profesa alitaka kujua kama kukwea kunaukakamaza mkono au kunaufanya mwepesi. Mjusi, msichana wa mwaka wa nne aliyebatizwa jina hilo kwa kung'ang'ania mawe, alianza mwaka kwa sekunde sabini. Sasa alimaliza kwa arobaini na moja, na vidole vyake havikutikisika hata akipigiwa kelele sikioni.

Tatizo lilikuwa daftari. Kila mwanafunzi alitakiwa ang'oe meno arobaini, kila jino na sahihi yake, la sivyo arudie mwaka. Kuziba hakukuhesabiwa. Miezi ya mwisho meno mabovu huadimika, na hapo macho ya wanafunzi hugeuka: jino lenye doa huitwa bovu, na lisilo na doa husemekana lina dalili. Mjusi alibakiwa na machache tu, na mama yake alikwisha kuwatangazia ndugu wote kwamba bintiye ni daktari. Mama huyo akishatangaza jambo, halirudi nyuma.

Jino la kwanza lilijitokeza mwambani Jumamosi moja ya kawaida. Mjusi alipapasa juu ya kichwa chake akashika kitu laini, chenye joto. Akajivuta, akatazama. Lilikuwa jino la mbele, limeota katika jiwe, na ncha yake ina pengo dogo la mtu aliyekata uzi kwa meno miaka mingi. Akalijua. Lilikuwa la mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuja kusafishwa tu, akaambiwa limelegea. Halikuwa limelegea. Lilimchukua Mjusi dakika kumi na tano kulitoa.

"Umepata pa kushika?" aliuliza mwenzake aliyeishikilia kamba chini.

"Nimepata jino."

"Linabeba?"

"Linabeba."

"Basi panda, mikono inaniuma."

Yakafuata mengine, mazima tu. Mabovu hayakuota hata moja. Yalijipanga safu mbili, juu na chini ya ule ufa mkubwa ambamo kila mkweaji lazima atie mkono hadi kwenye kiwiko. Wenzake walishukuru kwamba njia imekuwa rahisi. Mjusi aliupima ufa kwa kiganja, na kila Jumamosi akakuta umepungua kwa upana wa ukucha. Aliogopa. Aliogopa akila, akioga, akichomeka vijiti. Kuanguka hakukumtisha, kwa kuwa kamba ilikuwepo. Alichoogopa ni kwamba mwamba unamsubiri.

Alipofikisha thelathini na tisa, maji yalikuwa shingoni, akaenda ofisini kwa Profesa.

"Shikamoo, Profesa. Yale meno mazima niliyong'oa yameota mwambani."

"Marahaba. Yangu yako juu zaidi, upande wa jua," alisema Profesa, akiendelea kuchonga penseli. "Mvua ikinyesha yanateleza, uwe mwangalifu."

"Na ufa unafumba."

"Unafumba, ndiyo. Pole pole. Wewe maliza daftari."

Alhamisi alikuja mzee mmoja, mlinzi wa ghala, aliyeumwa na gego kila anywapo maji baridi. Mjusi alimulika. Lilikuwa na tundu dogo, kazi ya kuziba nusu saa, na jino lingemzika mwenyewe.

"Linapona hili, mwanangu?"

Mjusi alitaka kusema linapona. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuchukua sindano ya ganzi.

"Halifai, baba."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Gego lilitoka kwa dakika mbili. Mkono haukutetemeka. Profesa alitia sahihi ya arobaini.

Jumamosi gego la mlinzi lilikuwa ndani ya ufa, mzizi wake bado mbichi. Hapakuwa na pengine pa kushika. Mjusi alipiga moyo konde, akakigeuza kiganja upande, akakiingiza, na jiwe likamgusa huku na huku. Lilimwachia, lakini halikuharakisha. Alipojivuta juu aliona vishimo vipya katika safu moja, visafi, vyenye unyevu, vimekaa kama vishimo vya ufizi uliotoka kung'olewa meno. Akatia kidole katika cha kwanza. Akavihesabu vyote, vikawa kumi.

Jumatatu Profesa alisoma majibu ya utafiti wake. Kukwea kunaufanya mkono mwepesi, alisema, wala hapana ubishi. Kwa hiyo meno arobaini yamekuwa machache kwa mikono kama hii. Kuanzia darasa hili yatakuwa hamsini. Wanafunzi waliguna. Mjusi alichomeka vijiti vyake kwa sekunde thelathini na nane, akanawa, akavaa glovu.

Mlango ukafunguliwa. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule mzee mlinzi, shavu bado limevimba kidogo, anatabasamu. Alikuwa amemshika mkewe mkono, amemleta kwa yule binti asiyeumiza watu.