Bibi Hakufa Mwaka Ule

Fundi saa alikwenda ofisi ya kumbukumbu kutafuta namba ya kaburi tu. Mama yake, mwenye miaka sabini na minne na moyo uliochoka, alikuwa ameomba jambo moja: akifa, azikwe karibu na mama yake mzazi, aliyefariki siku ya kumzaa yeye. Watu wa makaburini walisema bila namba hawawezi kusaidia, na namba iko kwenye daftari la vifo.

"Mwaka gani?" aliuliza karani, mzee aliyekohoa kila alipofungua kabati.

Alimtajia mwaka aliozaliwa mama. Karani akaleta daftari kubwa, pembe zake zimeliwa na mende. Fundi akatoa lenzi yake ya kazini, akaibana jichoni, akaanza kupitia mstari mmoja mmoja. Januari hadi Desemba: homa, ajali, uzee, uzazi, uzazi tena. Jina la bibi halimo.

"Labda hawakuandikisha," alisema.

"Au labda hakufa, dada yangu," karani akacheka. "Humu nimekutana na wengi waliokufa kwa mdomo tu."

Fundi hakucheka. Kwao kifo kile hakikuwa cha mzaha. Mama alilelewa na mama wa kambo ambaye, kila kikombe kilipovunjika, alimwambia, "Ndiyo maana ulimmaliza mama yako." Mpaka uzeeni, siku yake ya kuzaliwa mama alijifungia chumbani, na watoto wake walijua kutembea kwa kunyata.

Karani alipouona uso wake, aliacha utani. Akaenda kuleta daftari la ndoa. Humo babu na bibi walikuwapo: babu kaweka saini, bibi kaweka dole gumba. Pembeni, kwa wino mwingine, mtu alikuwa ameandika: ndoa imevunjwa. Tarehe yake ilikuwa miezi minne baada ya mama kuzaliwa.

Fundi aliisoma mara tatu. Vidole vyake, vilivyozoea kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, vikahesabu miezi mmoja mmoja.

Walitafuta siku mbili. Miaka tisa baadaye bibi alionekana tena, akiolewa na seremala. Kisha akaonekana mara ya mwisho, katika daftari la vifo la miaka thelathini na moja iliyopita: mjane, miaka sitini na moja, maradhi ya mapafu. Anwani ilikuwa mtaa wa nyuma ya hospitali. Aliyetoa taarifa: jirani. Watoto: hana.

"Hana," fundi alitamka kwa sauti. Karani akamsogezea kiti.

Alikaa na habari ile siku tatu. Siku ya nne, akimkata mama kucha za miguu, ikamtoka.

"Mama, bibi hakufa ulipozaliwa."

Mama akavuta mguu. "Nani kasema?"

"Nimekuta kwenye daftari."

Akamweleza yote, isipokuwa lile neno "hana". Mama alisikiliza akitazama ukuta. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo bintiye hakuwahi kuisikia, akasema, "Kwa hiyo sikumuua."

"Hukumuua, mama."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Lakini hakukaa hivyo muda mrefu.

"Alikuwa anakaa mtaa gani?"

Fundi akamtajia.

"Pale nyuma ya hospitali?" Mama alikuwa amefua mashuka ya hospitali ile miaka ishirini na sita. "Mwanangu, mimi nilikuwa nakatiza pale asubuhi na jioni. Wanawake wa mtaa ule nimesalimiana nao wote." Akamgeukia bintiye. "Alifukuzwa, au aliniacha?"

"Daftari halisemi."

"Halisemi," mama alirudia, na hapo ndipo alipolia, kilio cha mtoto mdogo, mpaka bintiye akakosa pa kumshika.

Jumamosi walikwenda makaburini, namba mkononi. Kaburi lilikuwa limefunikwa na majani, kibao chake cha saruji kimepasuka, ubavuni mwa lile la seremala. Mama alikataa kiti. Aliegemea bega la bintiye, akainama kidogo, kama mtoto anayesogezwa mbele ya mgeni.

"Shikamoo, mama," alisema.

Akangoja. Alingoja kiasi cha mtu kuitika, na zaidi ya hapo. Fundi akageuza uso.

Mama alifariki wiki saba baadaye. Safu ile ilikuwa imejaa zamani. Walimpatia nafasi safu ya sita kutoka pale, karibu na ukuta. Fundi alipokwenda kuandikisha kifo, karani alimuuliza, kama anavyowauliza wote, jina la mama wa marehemu. Alimtajia herufi kwa herufi, polepole, akasimama pale dirishani mpaka wino ukakauka.